Bati la Kilo Mbili, Sakafu ya Kilo Mia Tatu

Bati la geji 30, lile linalopakiwa kwenye malori mjini Garissa na kuteremshwa Hulugho, lina unene wa takriban milimita 0.3. Mita moja ya mraba ya bati hilo haifiki kilo mbili na nusu. Katika nyumba nyingi za mji huu ulio karibu na mpaka wa Somalia, hiyo ndiyo kinga yote iliyopo kati ya mkeka wa kulalia na anga. Na penye vyumba vya kupangisha, paa hilohilo moja hufunika familia tatu, nne au sita zilizojipanga mstari mmoja, kila moja na mlango wake.

Bati lina sababu nzuri za kupendwa. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya paa la mita 40 za mraba, mwenye nyumba aliyefunga mifereji na tangi anaweza kukinga karibu lita 800, na katika nchi ambayo maji hununuliwa kwa mtungi hilo si jambo dogo. Mchwa hawali bati. Cheche za jiko haziliwashi. Mafundi wawili wakiamka mapema, paa la nyumba ndogo huwa limekwisha kupigiliwa kabla jua halijapinda. Anayewacheka watu wa Hulugho kwa kupenda mabati hajawahi kukaa chini ya paa linalovuja mwezi wa Aprili.

Shida huanza mvua hiyohiyo inapogonga. Bati jembamba lililopigiliwa juu ya mbao ni ngozi ya ngoma: kila tone hulitikisa, nalo huitikisa hewa iliyo chini yake. Mwalimu yeyote aliyefundisha chini ya paa la mabati lisilo na dari anajua la kufanya mvua za masika, ziitwazo gu kwa Kisomali, zikifika: kunyamaza na kuandika ubaoni hadi wingu lipite. Siku ya jua kali kero hubadilika tu. Karibu na ikweta jua la mchana hulipiga paa moja kwa moja, bati likapita nyuzi joto 60, na joto lake likamshukia aliyeketi chini hata kama madirisha yote yako wazi na upepo unapita.

Lakini mvua hunyesha miezi michache kwa mwaka. Jirani yupo kila siku.

Ukuta wa matofali ya saruji wenye unene wa sentimita 15, ukipigwa plasta pande zote mbili, unaweza kupunguza sauti kwa desibeli 45 hivi. Mazungumzo ya kawaida yana takriban desibeli 60 kwa mtu aliye mita moja kutoka kwa msemaji. Kwa hesabu hiyo, jirani wa chumba cha pili hangepaswa kusikia hata neno. Mbona basi anasikia habari za mkopo wa duka, ugomvi wa karo na kikohozi cha mtoto saa nane za usiku? Kwa sababu ukuta huo, baada ya kupanda vizuri na kwa gharama, mara nyingi huishia pale mihimili ya paa inapoanzia. Juu yake panabaki pembetatu tupu, na hewa ya chumba cha kwanza ndiyo hewa ya chumba cha sita.

Tuseme fundi aliufikisha ukuta karibu kabisa na bati, akaacha mwanya wa upana wa kidole gumba, sentimita mbili na nusu, kwenye ukuta wa upana wa mita tatu na kimo cha mita mbili na nusu. Mwanya huo ni asilimia 1 tu ya ukuta mzima. Lakini asilimia 1 iliyo wazi hupitisha asilimia 1 ya nguvu ya sauti, na kwa lugha ya desibeli hiyo ina maana kwamba ukuta hauwezi tena kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ungejengwa kwa mawe ya unene wa mkono mzima. Desibeli 25 zilizobaki, ambazo mwenye nyumba alizilipia kwa saruji na jasho, zimetokea mwanyani. Wapangaji wengi humlaumu fundi kwa kutumia matofali membamba. Wangemlaumu kwa kushuka ngazini mapema.

Kuna namna ya kujua bila chombo chochote. Usiku, mtu mmoja huzima taa zote chumbani mwake, mwingine akamulika tochi upande wa pili, akipitisha mwanga polepole kwenye kona, kando ya mbao za paa, nyuma ya fremu za milango na kwenye matundu ya nyaya za umeme. Panapoonekana mwanga, hewa inapita, na hewa ikipita sauti haina haja ya kubomoa ukuta.

Aqal, nyumba ya Wasomali wafugaji, haikuwahi kuwa na tatizo hili, ingawa ukuta wake ni mwepesi kuliko ukuta wowote wa mjini. Wanawake ndio huijenga. Huchimbia fito zilizopindwa ziwe kuba, wakazifunga kwa kamba, kisha wakafunika kwa mikeka waliyoifuma wenyewe kwa nyuzi za magome ya migunga na nyasi. Siku ya kuhama kila kitu hushushwa na kufungwa juu ya ngamia. Kwa habari ya joto, mikeka hiyo ni kazi ya akili. Nyuzi zake hushikilia vijimfuko vingi vya hewa, na hewa tulivu haipitishi joto kwa urahisi. Mikeka haiwaki kama chuma, haimmuliki aliye ndani kwa joto, na upepo hupenya kati yake. Kwa sauti, ni kama haipo. Anayepita nje anaweza kusikia kila kinachosemwa ndani.

Kilichozuia sauti ni nafasi. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6. Mazungumzo ya desibeli 60 kwa mita moja huwa yamebaki desibeli 32 hivi yakifika mita 25, na upepo wa nyika huyafunika kabla hayajafika kwa jirani. Familia zilipoanza kukaa mjini, karibu na kisima, shule, zahanati na duka, nafasi hiyo iliuzwa kwa ploti. Aqal ikageuka vyumba vya mstari mmoja. Bati likachukua kazi ya mikeka bila kuwa na sifa zake kwenye joto, na ukuta ukapewa kazi iliyokuwa ya nafasi, kazi ambayo hauwezi kuifanya ukiwa na pengo kichwani.

Kusini ya Hulugho, ng'ambo ya msitu wa Boni, kuna mji uliokabiliana na suala la majirani wa karibu karne kadhaa kabla ya bati la kwanza kufika pwani. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, umejengwa kwa kubanana. Vichochoro vyake havipitishi gari, nyumba hugusana mabega, na ghorofa hupandana. Desturi ya pwani ilikuwa kumwandalia binti makao anapoolewa, na palipokosekana uwanja, familia ilijenga juu. Penginepo walivuka kichochoro kabisa kwa wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili juu ya njia, punda wakipita chini na watu wakilala juu. Kwa hiyo Lamu ilikuwa na kile ambacho Hulugho haina: sakafu ya miti inayotenganisha kaya na kaya.

Msanifu Usam Ghaidan, aliyeuchunguza mji huo na kuchapisha kitabu chake kuhusu Lamu mwaka 1975, aliweka wazi jinsi nyumba hizo zilivyofuata kipimo cha mti mmoja. Mikoko iliyokatwa kwenye mikono ya bahari ya Lamu hupangwa kwa unene wake, kuanzia fito na pau, kupitia mazio, hadi boriti na nguzo. Boriti ndiyo hubeba sakafu, na kwa kuwa haiwezi kubeba mzigo mzito kwa urefu mkubwa, vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida mita mbili na nusu hadi tatu. Boriti hulazwa zikiwa zimekaribiana. Juu yake hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, na juu ya mawe humwagwa zege la chokaa, ambalo hupigwapigwa mpaka likakaza. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo ya mikoko.

Hapo ndipo hesabu inaponoga. Zege la chokaa la unene wa sentimita 20 lina uzito unaozidi kilo 300 kwa kila mita ya mraba, kabla ya kuhesabu mawe na boriti. Ukigawanya kwa kilo mbili na nusu za bati, sakafu ya Lamu ni nzito zaidi ya mara 120. Wataalamu wa sauti wana kanuni moja ya zamani: uzito wa kizuizi ukiongezeka maradufu, sauti ya hewani inayopita hupungua kwa takriban desibeli 6. Uzito wa bati ukikunjwa maradufu mara saba utafika kwenye sakafu hiyo, yaani tofauti ya desibeli 40 na ushei. Kwa sauti ya mtu anayezungumza, bati la geji 30 haliwezi kuzuia zaidi ya desibeli 15 hivi. Sakafu ya chokaa na boriti, ikiwa haina matundu, humfanya jirani wa juu asijue kama wa chini anaongea au amelala.

Ikiwa haina matundu. Nyumba za Lamu zina ua wa ndani ulio wazi hadi juu, na sauti ambayo sakafu imeikatalia hupanda kupitia ua na kuingia kwa mlango. Hata jengo zuri kiasi gani huwa na njia yake ya mchepuko, na fundi mwenye uzoefu huitafuta hiyo kwanza.

Sakafu hizo zina ugonjwa mwingine: ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza zikishikwa na unyevu, hasa pale mkarabati wa siku hizi alipofunika ukuta wa chokaa kwa plasta ya saruji isiyopumua. Wengi sasa hubomoa na kumwaga zege la saruji lenye vyuma.

Zege hilo ndilo linalokalika Eastleigh, Nairobi, mtaa ambao watu wengi wa Garissa, Ijara na Hulugho huufahamu kwa biashara, hospitali au ndugu. Sakafu ya zege ya sentimita 15 ina kilo 360 hivi kwa mita ya mraba, karibu sawa na ile ya Lamu. Redio ya jirani wa juu haisikiki. Kinu chake kinasikika hadi kwenye meno.

Ni kwa sababu kelele za ghorofani ni za aina mbili, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Sauti ya hewani, kama mazungumzo, televisheni au kilio cha mtoto, husafiri kwanza hewani, ikagonga sakafu na kujaribu kuitikisa; sakafu nzito haitikisiki kirahisi. Kishindo, yaani mchi ukitwanga iliki, kiti kikiburutwa au watoto wakikimbizana, hakihitaji hewa. Nguvu yake huingia moja kwa moja kwenye zege, nalo huisambaza hadi ukutani na kuishusha ghorofa mbili chini. Uzito pekee hausaidii sana hapo. Kinachosaidia ni kitu laini pale pale nguvu inapoingilia. Sebule za Kisomali zenye zulia nene kutoka ukuta hadi ukuta na magodoro ya kuegemea chini zimetatua nusu ya tatizo bila mtu kukusudia. Nusu ya pili iko jikoni, penye vigae vitupu. Kipande cha mpira wa gurudumu la gari chini ya kinu hufanya kazi kubwa kuliko barua tatu za malalamiko kwa wakala wa nyumba.

Zulia hilohilo likitundikwa ukutani ili kuzuia redio ya jirani halifanyi chochote cha maana. Ni laini, ila ni jepesi. Ndiyo hadithi pia ya trei za mayai na sponji zinazobandikwa kwenye kuta za studio ndogo za muziki: hupunguza mwangwi ndani ya chumba, rekodi ikatoka safi, huku jirani akiendelea kusikia ngoma kama jana.

Mahali ambapo fani hii imelazimika kuandikwa kwa tarakimu ni kwenye nchi za sakafu za mbao, na wapo Wasomali wa Kenya wanaoishi humo. London imejaa nyumba za enzi ya Malkia Victoria zilizojengwa kwa familia moja, kisha zikagawanywa fleti juu kwa chini. Kati ya kaya na kaya pamebaki mihimili ya mbao, ubao wa juu na dari nyembamba ya plasta, sakafu ambayo mjenzi wake hakuwahi kudhani itatenganisha watu wasiojuana. Ramadhani ya mwaka 2016 ilianzia Juni, wakati alfajiri ya London hubisha hodi usiku ungali mchanga, na familia iliyoamka kupika daku ilikuwa ikitembea juu ya kichwa cha mtu anayetakiwa kazini asubuhi. Hakuna mwenye kosa katika kisa kama hicho. Kosa liko kwenye sakafu.

Kanuni za ujenzi za Uingereza na Wales zilizoanza kutumika mwaka 2003 zilidai kwamba jengo la zamani likigeuzwa kuwa fleti, sakafu inayotenganisha makao izuie angalau desibeli 43 za sauti ya hewani, na kishindo kinachosikika chini kisizidi desibeli 64 kinapopimwa kwa mashine ya nyundo ndogo. Kwa majengo mapya viwango ni vikali kidogo, 45 na 62. Namba ya kwanza ikipanda ndiyo heri. Ya pili, ikishuka.

Fundi wa huko huanza chini. Hutengeneza dari mpya inayosimama kwa mihimili yake yenyewe, iliyoshikwa na kuta za pembeni, ikiacha angalau milimita 25 kati yake na sakafu ya zamani ili vitu hivyo viwili visigusane hata kwa msumari. Juu ya dari hiyo hutandika pamba ya madini ya unene wa milimita 100, nyepesi, isiyoshindiliwa. Kisha hupigilia tabaka mbili za mbao za jipsam zenye uzito wa jumla usiopungua kilo 20 kwa mita ya mraba, viungo vya tabaka la pili vikipishana na vya la kwanza, na kingo zote huzibwa kwa gundi isiyokauka ikapasuka. Juu, kama jirani ameridhia, hung'oa zulia, huziba nyufa za mbao, hulaza tabaka la pamba ngumu au mpira, na juu yake huweka sakafu nyingine inayoelea bila kugongomewa chini.

Kila kipande hapo kina kazi yake. Jipsam huleta uzito. Mwanya huvunja daraja, kwa kuwa mtikiso unaofika kwenye mhimili wa zamani haukuti njia ya kushuka. Pamba hunyonya sauti inayodundadunda ndani ya uwazi. Peke yake, bila uzito juu na chini, haizuii kitu, na ndiyo bidhaa ambayo wenye nyumba hukimbilia kununua kwanza. Tabaka laini la juu hupokea kishindo. Pasipo nafasi ya dari inayojitegemea, hutumika vipande vyembamba vya chuma vinavyonepa, vinavyofungwa kukingama na mihimili na kubeba jipsam. Hapo ndipo kazi nyingi huharibikia: skrubu moja ndefu kupita kiasi, ikivuka chuma na kuingia kwenye mhimili, hurudisha daraja lote. Tundu la taa ya kuzamisha darini hufanya hivyohivyo.

Kwa chumba cha mita 12 za mraba, dari iliyofungwa hivyo kwenye mihimili ya zamani huiongezea kilo 240 na zaidi. Mihimili iliyoliwa na wadudu haitakiwi kubebeshwa mzigo huo kabla ya kukaguliwa.

Waskoti wa karne ya kumi na tisa walikuwa na njia ya mkato. Katika majengo ya ghorofa ya Glasgow na Edinburgh, kati ya mihimili ya mbao walipanga ubao wa kushikilia na kumwaga juu yake majivu ya makaa, mchanga na vifusi. Wapangaji wa leo wakibomoa dari humwagikiwa na masizi ya karne nzima, na mara nyingi hushauriwa wayarudishe yalipokuwa, kwa maana ule uchafu ulikuwa ukifanya kazi. Bila kukutana, fundi wa Glasgow na mjenzi wa Lamu walifikia jibu moja: mbao zibebe, kitu kizito kisicho na bei kizuie.

Joto hufuata sheria tofauti, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kizuia joto kizuri ni chepesi na kimejaa hewa. Pamba ya kioo, pamba ya mawe na povu jeupe la plastiki vyote hupitisha joto kwa kiwango cha karibu 0.04 katika kipimo cha wati kwa mita kwa nyuzi. Mbao laini ni 0.13, zege ni zaidi ya 1, na chuma ni takriban 50. Povu, basi, ni bingwa wa joto. Kwa sauti ni bure kabisa, na likishika moto hutoa moshi wa sumu, kwa hiyo halifai kuachwa wazi juu ya jiko la makaa. Pamba ya mawe ina bahati ya kufaa pande zote mbili, mradi ina kizito cha kushirikiana nacho, na haiungui. Jipsam nayo ina maji yaliyofungwa ndani yake, karibu sehemu ya tano ya uzito wake, ambayo lazima yachemke na kutoka kabla moto haujavuka.

Chini ya bati la Hulugho, joto kubwa halishuki kwa kupitia hewa, linamulika. Ndiyo sababu karatasi ya aluminiamu iliyo nyembamba kuliko kitambaa inaweza kuleta nafuu ambayo ubao wa inchi moja hauleti. Ina masharti mawili. Iwe na nafasi ya hewa isiyopungua sentimita mbili mbele ya uso wake unaong'aa, kwani uso huo ukibandikwa moja kwa moja kwenye bati, karatasi inakuwa bati tu. Na uso huo uelekee chini, maana katika nchi ya vumbi ule unaotazama juu hufifia upesi. Rangi nyeupe juu ya paa hurudisha jua kabla halijawa joto, ila anayekinga maji ya kunywa achague rangi isiyo na risasi. Ncha za paa zinazotazama nje ziachwe na matundu yenye wavu, ili hewa ya moto itoke na popo wasiingie.

Tena bati lina fadhila moja ambayo nyumba nene za pwani hazina. Jua likitua hupoa mara moja. Sakafu na kuta za Lamu huhifadhi joto la mchana hadi usiku, ndiyo maana watu walipanda juu kupunga upepo chini ya makuti. Anayeziba paa lake Hulugho kwa unene wowote aufikirie usiku pia.

Mwenye ploti asiye na fedha za kufanya yote ana mpangilio ulio wazi. Kwanza amalizie ukuta wa kutenganisha wapangaji hadi kwenye bati, matofali yakifuata mteremko wa paa, na mawimbi ya bati yazibwe kwa udongo au chokaa. Hakuna kazi nyingine inayoleta tofauti kubwa hivyo kwa bei ndogo hivyo. Pili, dari. Jipsam ni nzuri ila huharibika kwa unyevu wa bati linalovuja. Ubao wa plaiwudi nao hufaa, na mikeka minene ya mkoma, inayofumwa kando ya mto Tana, hukata joto la kumulika ingawa jirani ataendelea kusikika. Panapowekwa mbao mpya au fito za mathenge, zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kufunikwa, kwa kuwa darini hakuna atakayeziona tena. Tatu, milango. Milango miwili ya wapangaji iliyo ubavu kwa ubavu, kila mmoja ukiwa na mwanya wa kidole chini yake, hurudisha sehemu ya yale yaliyozuiwa juu.

Sheria ya Kenya haijanyamaza. Kanuni za mamlaka ya mazingira, NEMA, za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitikiso zinaweka kikomo cha desibeli 45 mchana na 35 usiku ndani ya makao. Ni kiwango kikali. Vyumba vingi vya mabati hukivuka kwa mazungumzo ya jirani tu. Ila kanuni hizo humtazama anayepiga kelele, hazimgusi aliyejenga ukuta wenye pengo. Nayo sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987, inamwezesha mtu kuwa na hati ya fleti yake ndani ya jengo la wengi, na hivyo anaponunua ghorofa anakuwa amenunua pia miguu ya jirani wa juu kwa muda wote wa hati.

Jambo hilo linaanza kuwahusu watu wa Kaunti ya Garissa, maana Garissa mjini majengo ya ghorofa yanaongezeka, na watoto wa Hulugho ni baadhi ya wapangaji na wanunuzi wake. Swali la kumuuliza mjenzi ni moja, na wakati wake ni kabla vigae havijalazwa: je, chini ya zege jembamba la kusawazisha sakafu kutatandikwa mkeka wa mpira au wa povu linalonepa, pamoja na ukanda wake wa pembeni ili zege hilo lisiguse ukuta? Tandiko la milimita chache linatosha, na gharama yake wakati huo ni sehemu ndogo tu ya bei ya vigae. Vikishalazwa, kulitia tandiko hilo ni kubomoa sakafu nzima, na wanunuzi wengi huishia dukani kutafuta zulia.